Ndege Aliyeokolewa na Mzinga

Hakuna ndege aliyesingiziwa kwao kama bata mzinga. Waingereza walimpa jina la nchi ya Uturuki. Waturuki wenyewe wakakataa, wanamwita hindi, yaani wa India. Wafaransa nao wanasema dinde, na maana yake ni hiyohiyo, wa India. Ukienda Ureno anaitwa peru, kama ile nchi ya Amerika Kusini. Wamisri wanamjua kama jogoo wa Kirumi. Wamalay wakaamua huyu ni kuku wa Kiholanzi. Kila mtu anamnyooshea jirani kidole. Sisi tukamwita bata, ilhali bata hana uhusiano naye wowote, kisha tukambandika mzinga. Huo mzinga uweke mfukoni kwanza, tutauhitaji mbele.

Kwao hasa ni Amerika Kaskazini. Watu wa Mexico walimfuga karne nyingi kabla meli yoyote ya Kihispania haijatia nanga huko. Alipofika Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1500, watu walimchanganya na ndege mwingine mgeni waliyekuwa wakimpata kupitia wafanyabiashara wa Mediterania: kanga. Ndiyo, kanga wetu huyu wa madoadoa, ambaye inasemekana ndiye aliyeipa leso jina lake la pili. Mwaka 1758 Linnaeus, Mswidi aliyeanza kupanga viumbe wote kwa majina ya Kilatini, alimwandikisha bata mzinga kama Meleagris gallopavo. Meleagris lilikuwa jina la Kigiriki la kanga. Kwa hivyo ndege wa Marekani anatembea na kitambulisho cha ndege wa Afrika hadi leo, na hakuna ofisi ya kwenda kulirekebisha.

Wengi wetu tunamjua bata mzinga wa shambani, yule mnene anayezungukazunguka uani akisubiri Krismasi. Huyo ni binamu wa mjini. Ndugu yake wa mwitu ni mwembamba, mweusi mwenye kung'aa kama mafuta juu ya maji, anakimbia kwa kasi, anapaa, na usiku analala juu ya mti. Anawindwa Marekani kila mwaka kati ya Machi na mwisho wa Mei, majira yao ya kuchipua, wakati baridi imeisha na miti inarudisha majani. Baba na binti, mabinamu, marafiki wa tangu shule, wote wanatoka kitandani saa kumi alfajiri. Ukiwauliza kwa nini, wengi watakwambia ni mila waliyorithi kutoka kwa babu.

Babu yupo kwenye hadithi, sawa. Ila katika majimbo mengi alipokuwa kijana hapakuwa na ndege wa kuwinda. Msimu wenyewe ulizaliwa babu akiwa mtu mzima. Mila hii ambayo watu wanaisimulia kana kwamba imetoka enzi za kale ilijengwa juzi, kwa sheria, kodi, leseni na nyavu. Hiyo ndiyo sehemu inayotuhusu sisi tuliokulia katika nchi ambapo neno mwindaji linakaribia sana neno jangili.

Kumdanganya dume

Kwanza tuelewe mchezo unavyochezwa. Wakati wa kuzaliana, dume huamkia juu ya mti akilia mlio mmoja mzito unaobiringika kooni, unaosikika mbali msituni. Anawaita majike. Kwa kawaida jike ndiye anayemfuata dume. Mwindaji anageuza mambo: anajificha, anaiga sauti ya jike, kisha anajaribu kumshawishi dume avunje desturi yake na kuja mwenyewe. Wengi hawaji. Dume husimama pale mita mia moja mbali, anatanua mkia kama feni, anangoja jike ajitokeze. Asipomwona, anaondoka zake.

Sauti hiyo ina ufundi wake. Watu wa asili wa Amerika walinyonya hewa kupitia mifupa ya bawa la ndege yuleyule ili kumwita mwenzake. Mwaka 1897 Henry Gibson wa Arkansas alipata hataza ya kisanduku cha mbao chenye kifuniko kinachosuguliwa, na hadi leo visanduku vya aina hiyo vinarithishwa ndani ya familia kama saa ya mkononi ya marehemu. Wengine wanatumia kibamba cha jiwe na kijiti. Wengine wanaweka kipande chembamba cha mpira kwenye kaakaa na kupuliza, mikono ikibaki kwenye bunduki.

Bunduki ni ya marisau, na umbali ni mfupi, hatua thelathini au arobaini hivi. Macho ya bata mzinga ni makali ajabu. Ukipepesa kope vibaya amekuona. Ndiyo maana wawindaji huvaa nguo za rangi ya majani hadi usoni, na hukaa wameegemea mti mnene kuliko mgongo wao, ili mtu mwingine asiwapige kutoka nyuma akidhani wao ndio ndege. Kuna onyo lingine ambalo kila mtoto anafundishwa siku ya kwanza: usivae kitu chekundu, cheupe wala cha buluu. Kichwa cha dume wakati wa kuzaliana kina rangi hizo tatu. Ni rangi za bendera yao, na hapo msituni zinaweza kukuua.

Walivyomaliza

Kabla ya Wazungu, bata mzinga walijaa kuanzia misitu ya mashariki hadi Mexico. Kwa watu wa asili hakuwa nyama tu. Huko Utah kulipatikana blanketi la miaka 800 hivi lililosukwa kwa kamba za mmea wa yuka na zaidi ya manyoya 11,000 ya bata mzinga. Manyoya mengi ya aina hiyo yaling'olewa kwa ndege hai bila kuwadhuru, msimu wa kubadilisha manyoya, kwa sababu blanketi la mtoto lilihitaji ndege atakayekuwepo mwaka ujao.

Walowezi walikuja na hesabu nyingine. Misitu ilikatwa kuwa mashamba, mbao na makaa. Ndege walipigwa mwaka mzima, jike na dume, juu ya viota na juu ya miti walipolala, kisha wakapelekwa sokoni kwa mikokoteni na baadaye kwa reli. Connecticut walikwisha mapema miaka ya 1800. Massachusetts, jimbo ambalo mahujaji wake wa miaka ya 1620 ndio wanaotajwa kila Sikukuu ya Shukrani, ndege wa mwisho anayejulikana aliuawa mwaka 1851 kwenye mlima Tom. Hebu fikiria: Wamarekani waliendelea kula bata mzinga kila Novemba katika jimbo ambalo wa mwitu hakuwepo hata mmoja. Waliokuwa mezani walikuwa wazao wa wale wa Mexico, waliovuka bahari kwenda Ulaya, wakafugwa huko, kisha wakarudishwa Amerika na walowezi.

Usidhani hofu ya kutoweka ilikuwa maneno tu. Septemba 1914, njiwa wa mwisho wa aina ya njiwa msafiri, aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Makundi ya njiwa hao yaliwahi kufunika jua. Kisha ugonjwa wa kuvu kutoka Asia ukaua mabilioni ya miti ya chestnut, ambayo njugu zake zilikuwa chakula kikubwa cha bata mzinga. Kufikia miaka ya 1930, ndege waliobaki nchi nzima walikadiriwa kuwa chini ya 200,000, wamejibanza kwenye vinamasi na milima ambako shoka halikufika.

Kuku wa kuigiza

Jibu la kwanza lilikuwa lile ambalo mtu yeyote angewaza: tufuge wengi, tuwaachilie porini. Majimbo yakaanzisha mashamba na kuachilia maelfu kwa maelfu kwa miaka mingi. Wakafa karibu wote. Waliliwa na mbweha, wakakimbilia kwenye nyumba za watu wakidai mahindi, wakataga mayai ovyo.

Huko Missouri, mwanasayansi kijana Starker Leopold, mtoto wa Aldo Leopold yule mwandishi maarufu wa mazingira, aliwachunguza ndege wa mwitu na wale chotara. Mwaka 1944 alichapisha matokeo. Uporini, alionyesha, uko kwenye damu. Ubongo na tezi za ndege wa mwitu zilitofautiana na za chotara, na vifaranga wa mwitu walijua kuganda kimya hatari ikitokea, wakati wenzao walitawanyika huku na kule. Huwezi kumfundisha ndege wa banda woga ambao wazazi wake walishaupoteza.

Kwa hiyo ndege pekee wa kuokoa msitu walikuwa wale wachache wa mwitu, wale wenye macho ya kumwona mtu akipepesa. Utawakamataje hai?

Sasa toa ule mzinga mfukoni. Kulikuwa na mtego mpya uliobuniwa kwa ajili ya bata bukini: wavu mkubwa unakunjwa chini na kufichwa kwa majani, unafungwa kwenye vyuma vizito vilivyoshindiliwa ndani ya mitutu, na baruti inavirusha vyote juu ya ndege wanaokula nafaka iliyomwagwa pale. Mwaka 1951, katika msitu wa Francis Marion huko South Carolina, mizinga hiyo ilitumika kuwanasa bata mzinga wa mwitu. Ilifanya kazi. Kumbe jina letu la Kiswahili lilikuwa likimngoja.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya maboksi na malori. Jimbo lenye ndege liliwapa majirani. Massachusetts ilipata ndege 37 kutoka New York mwaka 1972 na 1973. Wazao wao leo wanapita zaidi ya 30,000, na baadhi yao wameingia mjini: katika vitongoji vya Boston wanasimamisha magari, wanadonoa taswira yao kwenye milango inayong'aa, wanawafukuza wasambaza barua. Nchi nzima inakadiriwa kuwa na ndege milioni sita hivi, na kati ya majimbo 50 ni Alaska tu isiyo nao.

Nani alilipa

Baruti na malori yana bei. Mwaka 1937 bunge la Marekani lilipitisha sheria inayojulikana kwa majina ya wabunge wawili, Pittman na Robertson. Kodi inayotozwa bunduki na risasi, leo asilimia 11 kwa bunduki ndefu, iliwekwa kando kwa ajili ya wanyamapori. Serikali kuu inaweza kulipia hadi robo tatu ya mradi, jimbo linaongeza robo. Lakini kuna sharti lenye meno: jimbo likitaka pesa hizo, ada za leseni za uwindaji haziwezi kuhamishwa zikajenge barabara au kulipa deni la gavana. Lazima zibaki kwenye idara ya wanyamapori. Mwenzangu wa Nairobi, soma sentensi hiyo tena polepole.

Historia nayo ilisaidia bila kukusudia. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliwafukuza wakulima wengi kwenye ardhi iliyochoka, wakaenda mijini, na mashamba yao yakarudi kuwa msitu. Ndege walipoachiliwa walikuta nyumba tayari.

Kisha ukaja msimu wenyewe. Zamani uwindaji mkubwa ulikuwa wa vuli, dume na jike bila ubaguzi. Wataalamu walipendekeza majira ya kuchipua, na madume peke yao, kwa hesabu rahisi: dume mmoja huzaa na majike kadhaa, na akishafanya kazi yake, kifo chake hakimzuii jike kuatamia mayai kwa siku 28 na kulea. Missouri, ambayo ilifunga uwindaji huo mwaka 1937, ilifungua tena Aprili 1960. Msimu ulikuwa siku tatu tu.

Kutoka hapo ndipo zilipotoka desturi zinazoonekana za kale: leseni, ndege mmoja au wachache tu kwa msimu, majimbo mengine yakiamuru bunduki zinyamaze saa sita mchana ili majike wabaki na utulivu, na wikendi maalumu ya watoto kabla ya wakubwa, ambapo mtoto anabeba bunduki na mzazi anabeba chai. Mwaka 1973 kikaundwa chama cha kitaifa cha wapenzi wa bata mzinga. Karamu zake za kuchangisha pesa zimekuwa sehemu ya kalenda ya miji midogo, kama harambee zetu, isipokuwa mgeni wa heshima ni ndege.

Nani aliachwa nje

Hadithi hii huwa inasimuliwa ikiishia hapo, kwa makofi. Tusiharakishe. Misitu ya kusini-mashariki ilipoitwa mali ya umma, wenyewe walikuwa wameshaondolewa. Sheria ya kuwahamisha watu wa asili ilitiwa saini mwaka 1830, na miaka ya 1838 na 1839 Wacherokee walitembezwa kwa nguvu kuelekea magharibi, maelfu wakafia njiani. Na baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, Waafrika-Wamarekani wengi wa kusini walitegemea kuwinda na kuvua ili wasilazimike kurudi kwenye pamba ya bwana yuleyule. Matajiri wa mashamba waliliona hilo. Wakashinikiza kodi za mbwa, sheria za kukanyaga ardhi ya mtu, vizuizi vya bunduki. Kulinda wanyama kulikuwa pia njia ya kupata vibarua wa bei ya chini.

Hapo ndipo hadithi inapofika kwetu, na ilikuja kwa meli. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, wiki chache tu baada ya kutoka Ikulu ya Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19. Ilikuwa safari ya baba na mtoto, leseni mkononi. Wawili hao waliua wanyama 512, na msafara mzima ukapeleka makumbusho ya Washington vielelezo zaidi ya 11,000, kuanzia tembo hadi mimea midogo. Mpagazi aliyebeba mizigo hiyo, ikiwa naye angempiga swala kwa mshale wa babu yake ili watoto wale, angeweza kuwa mhalifu.

Wawaata wa upande wa mashariki wa Tsavo waliwinda tembo kwa pinde nzito ambazo Wazungu wengi walishindwa kuzivuta. Mwaka 1948 Tsavo ikawa mbuga ya taifa. Mwaka 1956 na 1957 ikaja operesheni kubwa ya kupambana na ujangili, na wanaume wao wengi wakaishia jela. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, kando ya mbuga, uliotaka Wawaata hao hao wawinde tembo kihalali kwa idadi maalumu na mapato yarudi kwenye eneo. Haukudumu kama ulivyokusudiwa. Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji kwa wote, na mwaka uliofuata biashara ya nyara.

Marufuku ile ilikuwa na sababu nzito, pembe za ndovu zilikuwa zikitoka nje kama maji. Lakini watafiti waliohesabu wanyama katika maeneo ya malisho ya Kenya walikuta kwamba kati ya 1977 na 2016 walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Uzio, mashamba, mifugo, ongezeko la watu na ujangili vyote vimo. Bunduki ya mtalii ilikuwa imeshaondoka muda mrefu.

Simaanishi turudishe bunduki. Bata mzinga jike hutaga mayai kumi hivi kwa mwaka, tembo huzaa mtoto mmoja baada ya miaka minne. Hesabu ya Missouri haiingii Tsavo. Kinachoweza kuvuka bahari ni kitu kingine: Mmarekani wa kawaida, fundi wa magari au mwalimu, alipewa sehemu ya kazi. Analipa, anajua pesa inakwenda wapi, anaripoti ndege aliyepiga, na idadi ikishuka anaulizwa. Mkulima wa Taita ambaye tembo amemlalia mahindi anakutana na mnyama huyo kama mali ya serikali, na fidia anaingoja miaka. Watoto wake wanamjua tembo kama hasara usiku na kama picha kwenye noti.

Nako Marekani kazi haijaisha. Tangu miaka ya 2000, idadi imeanza kushuka tena katika majimbo kadhaa ya kusini. Vifaranga hawafiki ukubwani, na wataalamu wanabishana: ni wanyama walao mayai, ni misitu iliyobadilika, au ni wawindaji wanaompiga dume mapema kabla hajapanda majike? Baadhi ya majimbo yamepunguza idadi ya ndege anaoruhusiwa mtu mmoja, na yamesogeza mbele siku ya kufungua msimu, wiki moja au mbili. Wawindaji wamenung'unika, kwa sababu siku za mwanzo ndizo tamu, dume akiwa analia sana na kudanganyika upesi. Wamenung'unika, wakalipa leseni, na wanaingoja hiyo wiki nyingine nyumbani, visanduku vyao vya mbao vikiwa mezani.